Gundi ya Harusi

Nywele zile zilibandikwa kichwani mwangu Migori, katika saluni iliyo nyuma ya steji ya matatu, siku moja kabla ya harusi ya mdogo wangu kule Asumbi. Sikuwa na nafasi ya kukaa kutwa nikisukwa. Mimi ni fundi wa kushona, na wiki ile nilikuwa na magauni ya wasimamizi wa bibi harusi ambayo bado hayakuwa na zipu. Dada wa saluni akaniambia kuna njia ya haraka: anachukua nywele za kununua zilizoshonewa kwenye utepe, anaupaka utepe gundi nyeusi, kisha anaubandika juu ya nywele zangu mwenyewe, karibu kabisa na ngozi, mstari kwa mstari, kutoka kisogoni kuja mbele. Alimaliza kazi chai yangu ikiwa bado ina moto. Akanigeuza nijione kwenye kioo. Nilipendeza, sina sababu ya kusema vingine.

"Usije ukazivuta," aliniambia nilipokuwa nainuka. "Zikikuchosha rudi kwangu, nizitoe na dawa yake."

Nilikusudia kukaa nazo mpaka picha za harusi ziishe, basi. Lakini harusi ilipopita mume wangu akashikwa na malaria. Ilianza kama malaria zote, akameza vidonge akaenda kazini katika duka la vifaa vya ujenzi. Kisha ikampanda kichwani. Tukajikuta Homa Bay, yeye kitandani hospitalini, mimi kwenye kiti cha plastiki kando yake, na watoto wetu wawili wakapelekwa Kisegi kwa nyanya yao kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Ndugu zake walikuja kutoka Kisegi kwa zamu kumtazama. Walisimama miguuni mwa kitanda, wakaomba, wakatoka wakinong'ona. Kuna siku ambazo hakunitambua. Katika muda wote ule sikukumbuka kwamba nina kichwa. Niliosha uso tu. Joto la wodi, jasho, na kulala nimeinamia godoro vilifanya kazi yao kimya kimya chini ya zile nywele.

Alipona. Tukarudi Migori, naye akaambiwa apumzike nyumbani kabla ya kurudi dukani. Ndipo kichwa changu kilipoanza kudai chake. Kiliwasha nikiwa nimeinamia cherehani, kiliwasha nikipika, na mkono ukikigusa unakutana na mistari migumu kama pindo la turubai. Nilikwenda saluni nikakuta mlango umefungwa. Mama anayeuza mboga hapo nje akaniambia yule dada amekwenda kwao Kuria kujifungua, na hakuna ajuaye atarudi lini. Saluni ya pili walizitazama, wakasema wao hawatoi kazi ya mtu mwingine.

Siku moja mchana uvumilivu ukaniisha. Nilishika mstari mmoja juu ya sikio la kushoto nikauvuta. Ulitoka. Ulitoka pamoja na nywele zangu, mizizi yake myeupe ikionekana, na ngozi ikabaki inametameta na kulowa. Nilikaa kwenye stuli yangu kwa muda, kitambaa kimebanwa pale, mguu ungali juu ya pedali.

Mume wangu aliona kitambaa jioni ile. Aliniuliza, nikamweleza.

"Jumapili nitakusaidia," alisema.

Hakusema Jumamosi kwa sababu yeye ni Msabato, na Sabato hafanyi kazi ya mikono. Mimi nilizaliwa Mkatoliki. Tuliishi hivyo, kila mtu na siku yake, na Jumapili ile sikwenda misa. Tulikuwa tumeoana miaka mingi na hakuwahi kugusa nywele zangu ila kwa bahati mbaya. Lakini alikulia Kisegi, kwa baba aliyekuwa na mashua, na kazi yake kila akitoka shule ilikuwa kufumua nyavu zilizojifunga. Nilimwona akiutoa ujuzi ule wa zamani kutoka mahali ulipokuwa: alivuta kochi karibu na mlango panapoingia mwanga, akaketi ukingoni, akaniwekea kigoda katikati ya magoti yake, akakunja mikono ya shati.

Nilikuwa nimepasha mafuta ya kupikia kwenye sufuria ndogo, yakawa vuguvugu tu, nikayachanganya na mafuta ya watoto kidogo ili yasinuke jikoni. Aliyamimina kwenye mistari kwa kijiko, akayasugua kwa ncha za vidole. Kisha tulifunika kichwa kizima kwa mifuko ya mkate, tukazungusha taulo juu yake, tukangoja. Alikwenda kuchungulia maharagwe, akarudi.

"Nianzie wapi?"

"Kisogoni. Panda polepole. Usivute."

"Na ikikataa?"

"Ongeza mafuta."

Gundi ile ikilowa mafuta hulainika kwanza, ikawa kama uji wa jana, kisha hujiviringisha vidonge vidonge kama raba ya kufutia. Alitumia mkia wa kitana kuuinua utepe, kidole kikifuata nyuma na mafuta. Mstari wa kwanza ulimchukua muda mrefu. Ulipoachia aliunyanyua mbele ya macho yangu, mrefu na mweusi, ukichuruzika.

"Hakuna yako hata moja hapo," alisema. "Tazama."

Nilitazama. Ilikuwa kweli. Akaulaza juu ya gazeti, akaanza wa pili.

Nadhani ni kwa sababu hatukuwa tunaonana nyuso. Mimi nilitazama nje mlangoni, ambako kuku wa jirani walikuwa wakichakura, naye alitazama kisogo changu. Alipofika mstari wa tatu au wa nne alianza kusema, kwa sauti ile ile ya kuuliza chumvi iko wapi.

"Kule hospitali nilimwita ndugu yangu, nikamwambia wasije wakanizika Migori."

Sikugeuka. "Siku gani?"

"Siku moja mchana. Nilimwambia wanipeleke Kisegi, na wasingoje pesa ya kupika vyakula vingi. Wanizike haraka."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapo hapo. Umelala kwa kiti, kichwa umekilaza kitandani kwangu. Nilikuwa naziona hizi nywele tu. Nikawa najiuliza, huyu mwanamke ni nani amelala hapa? Halafu nikaona mkono wako, na ile alama ya pasi. Nikajua."

Nilitazama mkono wangu. Alama ya pasi iko kwenye kifundo, ya siku nyingi.

"Uliogopa?" nilimwuliza.

"Niliogopa. Inama kidogo."

Niliinama. Hatukurudi tena kwenye mazungumzo hayo, wala sikuona haja. Maharagwe yaliiva, tukala nikiwa na nusu ya kichwa. Tukarudi kwenye kigoda.

Mbele ndiko kulikokuwa na shida. Yule dada alikuwa amepaka gundi nyingi kwenye paji ili mstari wa mbele usionekane, na hapo nywele zangu ni laini kama za mtoto. Mume wangu alimwaga mafuta, akangoja, akamwaga tena. Kila alipoinua utepe, nywele zilikuja nazo. Alisimamisha mkono.

"Hapa nisikudanganye," alisema. "Hizi zinatoka zote. Na pale ulipovuta pameanza kutunga usaha."

Alinipa kioo kidogo anachonyolea ndevu. Kisogoni kwangu, alikoanzia, nywele zilikuwa zimebaki, chafu lakini nzima. Mbele kulikuwa na mabaka. Juu ya sikio la kushoto palikuwa wazi kabisa, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, na vipande vya gundi vilikuwa vimegandia hapa na pale kama lami. Nilijitazama kwa muda ule ule ambao ningetazama gauni lililokatwa vibaya, nikihesabu kama kuna kitambaa cha kuokoa. Hakikuwepo.

"Chukua mashine yako," nikamwambia. "Nyoa zote."

"Hapana."

"Ni nywele tu."

"Najua ni nywele. Mimi sikunyoi, Nyar Asumbi."

Hivyo ndivyo anavyoniita, yeye na watu wa kwao: binti wa Asumbi. Hakuwa na hasira. Aliweka kitana chini, akajifuta mafuta mikononi. Kwetu, siku chache baada ya mazishi, mjane alinyolewa kichwa. Makanisa yamelipunguza jambo hilo, lake na langu, na wengi siku hizi hawalifuati, lakini hakuna asiyelijua. Mtu aliyekuwa amechagua mahali pa kaburi lake mwezi uliopita hakutaka kushika mashine akamnyoe mkewe kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwelewa. Nilimalizia kung'oa vipande vya gundi mwenyewe, nikaosha kichwa kwa shampuu mara nyingi mpaka maji yakaacha kuteleza, nikajifunga leso.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa kinyozi. Alinyoa, akapaka spiriti kwenye kidonda, akauliza kama nataka apitishe wembe. Nikasema hapana, mashine inatosha. Nilipotoka nje upepo ulinipiga kichwani mahali ambapo haujawahi kunipiga. Kuwasha kulikuwa kumekwisha. Nilifungua cherehani nikafanya kazi kutwa nzima bila kusimama.

Jumanne nilikuwa na kanzu za kwaya za kupeleka Homa Bay. Nilivaa gauni langu jeusi, lile la safari, kwa kuwa halionyeshi nyuzi wala vumbi, nikajitanda kitambaa cha bluu iliyokoza. Nilikabidhi kanzu kanisani, zikajaribiwa, zikawatosha. Kisha nikashuka sokoni kutafuta samaki. Jua lilikuwa kali, na kidonda kilikuwa kinalowa jasho chini ya kitambaa, kwa hiyo nilikivua nikakishika mkononi.

Mbele yangu kulikuwa na mama wa makamo anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nilimjua vizuri. Ni wa Kisegi, boma lake limepakana na la mama mkwe wangu, na alikuwa miongoni mwa wale waliokuja wodini wakasimama miguuni mwa kitanda. Aliniona akaacha kupima omena. Alitazama kichwa changu, akatazama gauni, akazunguka meza yake akanishika mikono yote miwili. Tulizungumza Kijaluo, lugha yetu sote.

"Mos," alisema. "Mos, nyathina." Pole, mwanangu.

"Asante, mama."

"Ilikuwa lini?"

Nilidhani anauliza habari ya kichwa. Kidonda kilikuwa wazi, mtu yeyote angeuliza.

"Jumapili," nikamjibu.

"Jumapili hii? Na hatukusikia kitu."

"Haikuwa jambo la kuitia watu. Tulikuwa nyumbani, sisi wawili tu."

Alifumba macho kidogo. "Wawili tu. Aliteseka?"

"Mimi ndiye niliyeteseka. Yeye alivumilia mpaka mwisho."

"Alikuwa mtu mpole yule, tangu utoto wake."

"Sikujua ana subira kiasi kile," nilisema.

Lile neno "alikuwa" nililisikia, lakini amemjua mume wangu tangu akiwa mtoto wa kubebwa, nikaona anazungumzia siku zile.

"Na watoto wanajua?"

"Bado. Si wako kwa nyanya yao? Nitakapokwenda kuwachukua wataona wenyewe."

Aliniachia mikono, akajifuta macho kwa pindo la leso. Alinifungia omena wengi kwenye gazeti, wengi kuliko niliotaka, akakataa malipo. "Nenda, mwanangu," alisema. "Mungu yuko." Niliona ni ukarimu uliozidi kipimo kwa sababu ya kidonda cha kichwa, lakini watu wa ziwani ni wakarimu. Nilimshukuru nikaenda zangu.

Nilikuwa Rongo nabadilisha gari wakati simu ilipolia. Ni mume wangu.

"Nyar Asumbi," alisema, "umemwambia nani kwamba nimekufa?"

Nilisimama kando ya barabara na omena zangu. Alinieleza. Alikuwa amelala kidogo baada ya chakula, simu yake ikalia. Alikuwa waya, ndivyo Wajaluo tunavyomwita shangazi, dada wa marehemu baba yake, ambaye alipiga namba hiyo akitumaini nitaipokea mimi, mjane. Mume wangu akasema hallo. Upande wa pili kukawa kimya. Kisha waya akauliza, "Wewe ni nani?" Akamjibu, "Ni mimi, waya." Simu ikakatwa. Ikalia tena. Mara ya pili waya alikuwa analia na nyuma yake watu wengi walikuwa wanalia, na mume wangu alilazimika kungoja wapumue ndipo awaambie yuko hai.

"Nilikutana na yule mama wa omena," nikamwambia. Nikamrudia maneno yangu na maneno yake, moja baada ya jingine, kama nilivyoyakumbuka. Nilipofika kwenye watoto nilisita.

"Ningekuwa yeye," alisema, "hata mimi ningelia."

Mama yake hakuridhika na simu. Alisema sauti inaweza kuwa ya mtu yeyote. Shemeji yangu akajaribu kumwonyesha mwanawe kwa simu ya picha, mama akasema watu waliokufa nao husogea kwenye simu, ameona kwenye mazishi wakionyeshwa wakicheza na kucheka. Alitaka kumwona kwa macho. Kwa hiyo Jumatano, mtu aliyeagizwa apumzike alioga, akavaa shati la harusi ya mdogo wangu, lililomlegea sasa shingoni, tukaenda Kisegi kwa njia ya Sori.

Tulikuta turubai limefungwa kati ya nyumba na ghala. Viti vya kanisa vilikuwa vimeletwa, vimepangwa. Sufuria kubwa tatu zilikuwa mekoni, kwa maana habari njema ilichelewa kuwafikia waliotoka mbali, na wageni wakishafika hula, awe amekufa mtu au hajafa. Watu walisimama tulipoingia langoni. Mama mkwe alitoka chini ya turubai akaja taratibu. Alimshika mwanawe mabega, akashuka mikononi, akamgeuza kiganja.

"Umekonda," alisema.

"Naendelea vizuri, mama."

"Umekonda sana."

Kisha akampiga kofi dogo begani, akarudi kuketi. Waya alicheka na kulia pamoja, akasimulia tena na tena jinsi alivyosikia sauti ya marehemu ikimwita shangazi. Mzee wa kanisa aliyekuwa amekuja kuomboleza akabadilisha sala yake, akashukuru. Ugali ukapakuliwa, samaki wakaja, na mama mkwe akamsogezea mwanawe sahani ya kwanza.

"Kula," alimwambia. "Hiki ni cha matanga yako."

Alikula, akaongezwa.

Watoto ndio sikuwa nimewafikiria vya kutosha. Mdogo hakujua chochote ila kwamba watu wanalia, na sasa alikuwa amekaa kwenye paja la baba yake na hakubali kushuka. Mkubwa, binti yetu, alikuwa ameambiwa jana mchana. Aliambiwa na mwanamke asiyemjua, karibu na tangi la maji. Kwa saa kadhaa alikuwa mtoto aliyefiwa na baba, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine mpaka jioni. Hakulia tulipofika. Alikuja akasimama kando yangu, akaondoa kitambaa changu kichwani kwa mikono miwili, akakagua.

"Zitarudi?" aliuliza.

"Zitarudi."

"Hata hapa?"

"Hapo sijui."

Akanirudishia kitambaa vizuri, akakifunga kwa nyuma. Usiku ule na zilizofuata alilala akiwa ameshika upindo wa gauni langu. Mambo hayo hayaondoki kwa mafuta ya vuguvugu.

Yule mama wa omena alifika alasiri. Alikuwa ameacha meza yake Homa Bay akaja kulia, na hakuna aliyekuwa amekumbuka kumpigia. Aliingia langoni na leso mabegani, akamwona mume wangu ameketi kivulini anatoa miiba kwenye samaki. Alisimama pale pale. Niliinuka nikamwendea kwa sababu nilijiona mimi ndiye wa kumpokea.

"Nisamehe, mama," nikamwambia. "Nilidhani unaniuliza nywele."

Alikaza leso yake mabegani.

"Ulinijibu vizuri sana," alisema. "Kila swali."

Kisha akaingia, akamsalimu mume wangu kwa mkono, akauliza hali ya malaria, akaketi akala. Hakulizungumzia tena jambo lile mbele yangu, na mimi sikumrudisha huko.

Tulibaki Kisegi mpaka wiki iishe. Mama mkwe hakutaka kumwachia mwanawe. Viti vilirudishwa kanisani, turubai likakunjwa. Ijumaa, wanawake wa Kisabato walipokuwa wanapika mapema na kuosha nyumba kabla Sabato haijaingia, niliketi na mama mkwe nyuma ya jiko tukichambua mchele. Nilikuwa nimevua kitambaa ili kidonda kikauke. Aliniangalia kichwani mara kadhaa.

"Nani alikunyoa?" aliuliza.

"Kinyozi."

"Si yeye?"

"Alikataa."

Alitikisa kichwa kukubali. Alipepeta mchele, akatoa jiwe, akalitupa.

"Baba yake alipokufa, mchungaji alikuja akasema hakuna kunyoa," alisema. "Alisema hayo ni mambo ya giza. Nami nilimpenda mchungaji yule. Nikakubali. Asubuhi baada ya mazishi niliamka nikachukua kitana nikachana nywele zangu, kama ninakwenda sokoni. Kesho yake tena nikachana. Kila siku nachana." Aliendelea kupepeta. "Hakuna mtu aliyenitazama akajua."

Nilizaliwa upande ambao mapadri nao walisema hivyo hivyo, na nisingeweza kumwambia mchungaji alikosea, wala kwamba alikuwa sawa. Tulimaliza mchele. Aliosha mikono, akaketi tena, akafungua kitambaa chake. Nilikuwa nimekaa katika ukoo ule miaka yote hiyo na sijawahi kuona kichwa chake. Nywele zake zilikuwa nyingi kuliko nilivyofikiri, nyeupe karibu zote, zimefungwa mafundo manne ya uzi.

"Joto hili linanisumbua," alisema. "Umekuja na mkasi wako?"

"Nipo nao, mama. Nipunguze?"

"Zitoe."

Mkasi wangu wa kazi huwa siuachi popote. Niliutoa kwenye mkoba, nikaufuta kwa pindo la gauni, nikamwekea taulo mabegani. Nilifumua uzi kwanza, fundo moja moja. Kisha nikakata, karibu na ngozi kadiri mkasi unavyoweza kwenda bila kuumiza, nikifuata umbo la kichwa chake, ambalo ni umbo la kichwa cha mume wangu, na kile kibonde cha kisogoni anacho hata binti yetu. Mara moja aliinua mkono akapapasa nilikokwisha kata, akaushusha. Mume wangu alitokea kwenye kona ya nyumba akiwa na ndoo, akatuona, akageuka akaenda njia nyingine.

Nilipomaliza nilimpaka mafuta kidogo. Alikusanya nywele zake mwenyewe kwa ufagio mfupi, akazitia kwenye jiko, zikaungua kwa harufu ile kali, akangoja mpaka ziishe ndipo akainjika wali.

Sabato alikwenda kanisani amejifunga kitambaa cheupe, akaketi mahali pake pa kila wiki. Mimi nilikaa naye, na kitambaa changu cha bluu. Hakuna aliyejua. Wimbo wa pili waliuimba kwa Kijaluo, naye alishika sauti ya chini, na kitabu akanisogezea nisome maneno kwa kuwa si wimbo wa kwetu.

Jumapili tuliwachukua watoto tukarudi Migori, shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na nilikuwa na sare za kushona. Mume wangu alirudi dukani wiki iliyofuata. Nywele zangu zimeota, fupi, na sijazifanyia kitu. Juu ya sikio la kushoto pamebaki mahali padogo pasipoota. Daktari alipatazama akasema pengine pataota, pengine hapataota, nami nikamwambia sawa.